Jogoo Aliyepelekwa Kiwandani

Mume wangu aliumia kwenye kiwanda cha mbao, Mafinga, asubuhi moja ya Julai. Kazi yake ilikuwa kupokea mbao nyuma ya msumeno. Msumeno ulizungushwa na mkanda mrefu kutoka kwenye injini, na mkanda ule haukuwa na kifuniko. Kwa baridi ya huko, injini ikizimwa huwa vigumu kuiwasha tena, kwa hiyo wafanyakazi waliondoa vumbi la mbao huku mashine inazunguka. Aliinama na koti lake zito. Mkanda ukashika koti, ukavuta na mkono. Hospitali walimkata chini ya kiwiko, mkono wa kulia.

Nilikuwa mke mgeni pale Mafinga, na majirani walinijua kwa kunyamaza. Mjumbe wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani alikuja kutupa pole. Alieleza polepole kwamba mtu akiumia kazini ana haki ya fidia, na kwamba kufunika mkanda ni wajibu wa mwenye mashine. Mume wangu aliuliza mara mbili kama ni kweli. Usiku ule alikula, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Ndipo baba mkwe akaja kutoka kijijini, juu ya lori la mbao, na jogoo mweupe kwapani.

Kijijini kwetu, mtu akimwaga damu kwenye uwanja wa mwingine, mzee wake hupeleka jogoo na kusema tumekosa. Husema hivyo hata kama mti wa mwenye uwanja ndio uliomwangukia. Mwenye uwanja naye hujibu kwamba waliokosa ni wao, kisha wanakaa kuzungumza jinsi ya kumtunza mgonjwa. Bila jogoo hakuna anayeanza. Sote tuliona ni sawa, hata mume wangu. Mimi nilimbeba jogoo hadi ofisini.

Meneja alikuwa na mnyapara. Baba mkwe alivua kofia, akachuchumaa mlangoni.

"Mwenye nyumba, tumekosa," alisema. "Mtoto wetu amemwaga damu kwako. Tunaomba radhi."

Akangoja jibu. Meneja alimtazama mnyapara.

"Asante, mzee. Umefanya vizuri kusema ukweli."

Jogoo akapokelewa, nasi tukaonyeshwa njia. Nje, baba mkwe aliniambia labda watu wa ofisini hujibu kesho yake.

Jibu alilileta mjumbe. Ofisi ilikuwa inasema familia yenyewe imekiri kosa ni la mgonjwa, hivyo hakuna fidia. Mjumbe hakukata tamaa. Alitupeleka Iringa kwa afisa wa kazi, na njiani alimsihi baba mkwe aseme kwamba alikwenda kusalimia tu.

Afisa alitusikiliza vizuri, hata habari za jogoo. Kisha akamuuliza mzee kama yuko tayari kuyakana maneno yale mbele ya meneja. Baba mkwe aliutazama mkono wa mwanawe uliofungwa bandeji. Kwetu, radhi ikirudishwa, damu inabaki kwa mgonjwa, na kidonda cha mume wangu kilikuwa bado kinatoa maji.

"Niliomba radhi," alisema. "Siwezi kuirudisha. Mwanangu atakufa."

Afisa alishusha pumzi. Akasema basi, maadamu maneno yale yamesimama, hana la kufanya.

Tulirudi juu ya lori, tumekaa kwenye magunia. Upepo ulikuwa mkali. Karibu na Mafinga, baba mkwe alivua kofia tena, akamgeukia mwanawe, akaanza kusema kwa Kihehe kwamba amekosa. Mume wangu aliinua mkono uliobaki, akamzuia.

"Baba, usiombe tena."

Akaichukua kofia na kumvisha. Kwa mkono wa kushoto ilikaa upande, na baba mkwe aliiacha hivyo hivyo. Siku iliyofuata nilianza kufunga vyombo, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kiwanda.