Kopo la Chapati Mwezi wa Ramadhani

Nina watoto wawili, na wote wawili wanakula kama wakaguzi. Wa kiume, mwenye miaka mitano, hali kitu chenye rangi. Wali mweupe, mkate uliotolewa ganda, ugali bila mboga, basi. Dada yake ana miaka minane na hana ugomvi na rangi, ugomvi wake ni vitu kugusana. Yai likigusa chapati, chapati imeharibika. Nilimnunulia kopo la plastiki lenye vyumba vitatu, baada ya kubishana na muuzaji pale Kariakoo mpaka sauti ikanikauka, na bado akalalamika kwamba harufu ya samaki imehamia chumba cha pili.

Kila asubuhi nawapakia kabla ya kushuka kufungua duka letu la mashuka. Na kila jioni, kabla hata ya kuvua baibui, nafunua makopo. La mdogo hurudi nusu. La dada yake lilikuwa likirudi karibu kama lilivyokwenda, na mimi nililichukulia kama tusi. Mwalimu wake aliwahi kuniita pembeni akaniuliza kama mtoto anapata chakula cha kutosha nyumbani. Aliuliza kwa upole, lakini nilirudi dukani nikimjibu kimoyomoyo njia nzima. Mtaa mzima unajua jikoni kwetu hakukosekani kitu, halafu mwanangu aonekane wa njaa! Nikisema kweli, siku ile nilifikiria zaidi watu watasemaje kuliko mtoto mwenyewe.

Ramadhani iliyopita watoto walikuwa bado hawafungi, kwa hiyo niliendelea kuwapakia. Kupika chapati asubuhi huku umefunga ni kazi ya peke yake. Huonji, chumvi unaikadiria kwa macho, na harufu ya mafuta inakupanda kichwani. Nilikuwa najihurumia na kujisifu kwa wakati mmoja.

Jioni moja nilirudi dukani kichwa kinanigonga. Wateja wa sikukuu walikuwa wameanza kumiminika, kila mmoja anataka apunguziwe, na mimi koo limekauka. Nikafunua kopo la binti yangu. Chapati mbili, yai upande wake, tikiti upande wake. Hakuna kilichoguswa, hata tikiti, na tikiti analipenda mno. Hilo peke yake lilitosha kunifanya niulize. Sikuuliza.

Nilivuta kiti nikamkalisha mezani, nikamfungulia kopo mbele yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba atakula baadaye.

"Sitaki neno," nikamwambia. "Nataka kuona unatafuna."

Aligeuka kutazama mlango wa chumba cha bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameshuka kwa jirani kupeleka sambusa za futari. Hapakuwa na mtu. Basi akamega chapati. Alikula huku machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, na mimi nimemsimamia mikono kiunoni, nikijiona kwamba leo hatimaye nimekuwa mama anayesikilizwa. Chapati na yai vilichanganyika mdomoni mwake na hakulalamika.

Mama mkwe aliporudi aliona kopo tupu, akaona mashavu ya mjukuu wake yaliyolowa, akasimama pale pale mlangoni.

"Umemlisha?"

Nilijibu, tena kwa fahari, kwamba nimemlisha na amemaliza chote.

"Mwanangu," akasema, "huyu kafunga."

Walikuwa wamepanga wawili. Mtoto analala chumba cha bibi yake. Alfajiri aliamshwa kimya kimya, akapewa uji na tende kitandani, akatia nia. Ilikuwa swaumu yake ya kwanza. Alibeba kopo shuleni ili nisishtuke, akalirudisha na chakula chake, na mpango ulikuwa akae nasi kwenye mkeka, achukue tende wakati mmoja na mimi, kisha bibi anipe habari. Alikuwa ameumaliza mchana mzima wa joto la Dar. Muda uliobaki hadi magharibi haukutosha hata kuivisha sufuria ya tambi.

Adhana ilipolia alikuwa amejifungia chumbani. Nilimfuata na tende mkononi. Nilimweleza kwamba bibi amesema aliyelazimishwa hana kosa, tena ni mtoto, Mungu ameiona swaumu yake, aje tufuturu. Akasema futari ni ya waliofunga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulisema hutaki neno."

Hakulisema kwa kiburi. Alikuwa ananieleza tu, kama anavyonieleza mambo ya shuleni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimwomba radhi, lakini mimi nimelelewa na watu ambao hawakuwa wakiwaomba watoto radhi, na maneno yalinitoka vibaya, nikaishia kumwahidi kumnunulia viatu vipya. Hata mimi nilijisikia vibaya kusikia nilichokisema.

Daku iliyofuata nilikwenda kumwamsha mwenyewe. Akageukia ukutani.

"Nipakie tu, mama."

Nikampakia. Jioni kopo lilirudi tupu. Kesho yake tupu, na hivyo hivyo mpaka mwezi ukaandama, na mpaka leo. Siku hizi anamaliza kila ninachompa, hata vitu vikigusana, na hasemi kama kimezidi chumvi au kimepungua. Mwalimu ameniambia mtoto amenawiri, akanipongeza. Nami kila jioni nafunua lile kopo nikiomba nikute amebakiza kitu.