Gemu ya Sinia la Chai

Nyumba ya mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, ilikuwa na watu wawili tu: mzee aliyepooza upande wa kulia, na bintiye aliyetengeneza gemu. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya mzee: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Nilimwita Baba. Binti nilimwita Madam, ingawa nilimzidi umri.

Madam alifanya kazi na kampuni ndogo ya Riyadh. Walikuwa wakichukua gemu ya zamani ya Kijapani, ya zile mashine kubwa za kwenye kumbi za michezo, waifanye ichezeke nyumbani kwenye TV. Ilikuwa gemu ya ajabu. Mashine yenyewe ilikuwa na sinia la chuma la kushikwa kwa mikono miwili, na kwenye skrini unapita katikati ya karamu ukiwapelekea watu chai: mwanamiereka mnene, mbuzi aliyevaa tai, bibi harusi anayelia. Ukimwaga, wageni wote wanaanguka chali. Baba alikuwa akimpeleka Madam kuicheza alipokuwa mdogo, kwenye ukumbi ambao siku hizi ni duka la fanicha.

Tatizo ni kwamba nyumbani hakuna sinia. Kuna rimoti ya kuchezea tu, ya kuinamisha huku na huku. Madam aliijaribu sebuleni wiki nzima.

"Haina uzito," alilalamika. "Ni kama nimeshika hewa."

Siku moja nikapita na chai ya Baba, akanitazama mikono. "Hebu niambie, ukibeba sinia, chai humwagika lini?"

"Si ninapotembea, Madam. Ni ninaposimama. Na mtu akichukua kikombe kabla sijajiandaa, upande wa pili unashuka."

Akanirudisha jikoni, nije tena, na tena, akirekodi viganja vyangu kwa simu. Baada ya wiki mbili alinipa rimoti. Mbuzi alipochukua kikombe chake, ikatetemeka upande mmoja tu, na mkono wangu ukajirekebisha wenyewe kabla sijafikiri.

Kisha akatengeneza namna ya kuicheza kwa mkono mmoja, wa kushoto, kwa ajili ya Baba. Kila baada ya alasiri nilimwegemeza kwenye mito, nikamfungia rimoti kiganjani kwa kitambaa. Maneno yake yalikuwa mazito, lakini hili nililielewa: "Mbuzi! Mbuzi kwanza!" Hapo ndipo nilipomsikia akicheka. Madam alikuwa akisimama mlangoni, akitutazama.

Siku ya kwenda Riyadh kuwaonyesha Wajapani wenye gemu ile kazi ya kampuni, Baba aliamka na homa. Madam alishika begi, akaliweka chini, akalishika tena.

"Nenda, Madam," nikamwambia. "Ni homa ndogo. Niko hapa."

Alikwenda. Usiku homa ilipanda, nikaita gari la wagonjwa. Kesho yake kabla ya adhuhuri Baba alifariki hospitalini. Nilimpigia Madam mara sita. Alikuwa ndani ya mkutano, simu imezimwa. Alipofika, mzee alikuwa ameshakafiniwa, wakamfunulia uso tu.

Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja: "Alisema nini?"

"Hakusema kitu, Madam. Alikuwa amelala."

Ulikuwa ukweli, na mpaka leo sijui kama ulimfaa. Neno nililotaka kulirudisha ni lile la "nenda", na neno halirudi.

Kaka zake, ambao hawakuishi nasi, waliuza nyumba. Halas, basi. Madam akahamia Riyadh, akanitafutia kafili mwingine huko, mwajiri wa kunidhamini, kwa bibi kizee mgonjwa. Kabla ya kunipeleka alinipitisha ofisini kwao. Gemu ilikuwa imekamilika. Nikatafuta ile ya mkono mmoja, sikuiona.

"Wameitoa," alisema. "Eti haikuwamo kwenye mashine ya asili."

"Nawe ukakubali?"

"Nilikuwa nimechoka."

Akanikabidhi rimoti nicheze, naye akatoka. Nilifika kwa bibi harusi, nikamwaga. Nilimkuta chooni ananawa uso, maji yakiendelea kutiririka hata baada ya yeye kumaliza. Nikafunga mfereji. Akajifuta uso, kisha akasema, "Yalla, twende, wanakungoja."

Tumezungumza mara moja tu tangu hapo, siku ya Idi. Aliniuliza kama bibi yangu mpya anakula vizuri. Nikamwambia anakula kidogo kidogo.

"Usimharakishe," akasema, na simu ikakatika.