Lenzi Pana ya Gregori

Gregori alizaliwa Masasi, lakini ukimuuliza kwao ni wapi angekujibu Keko, wala hakuwa anadanganya sana. Miaka kumi na minne alikuwa amekaa pale, katika chumba kimoja nyuma ya karakana za maseremala, akivuta vumbi la mninga kwa pua zote mbili. Kazi yake ilikuwa mjini, kwenye ofisi iliyopiga picha za sinema za kuonyeshwa vijijini: kisima kinazinduliwa, wanakijiji wanavuna shamba la pamoja, vijana wanapita kwa gwaride. Hakuwa mpiga picha. Alikuwa fundi wa kamera, mtu wa kupangusa, kutia mafuta na kutunza kabati la lenzi. Lakini mbele ya kabati lile alikuwa sultani. Mpiga picha mwenye cheti cha Ulaya alisimama pale kama mtoto wa shule, akingoja Gregori akohoe, afikiri, kisha amwambie achukue ipi.

Tusimcheke. Mtu aliyepanga chumba kimoja, asiye na mke wala ng'ombe, lazima awe na mahali pake pa kutawala.

Ndugu wa karibu aliokuwa nao mjini walikuwa mdogo wake wa kike, Yustina, aliyeishi Kinondoni, na mume wa Yustina, Nikodemu, askari wa miavuli. Watoto wao wawili walimwita Gregori mjomba, na kwa watu wa kwao neno hilo ni zito. Kaka wa mwanamke ndiye msemaji wa nyumba yake. Posa hupitia kwake, ugomvi hupitia kwake, na likitokea la aibu, yeye ndiye anayelipeleka mbele ya watu. Baba hulisha watoto, mjomba huwasemea. Gregori alilipenda jukumu hilo, maana huko nako alikuwa na kauli.

Mwaka wa sabini na nne, miezi michache kabla ya sikukuu ya Uhuru, ofisi ilitaka picha ambayo haijawahi kupigwa nchini: askari wanaporomoka kutoka kwenye ndege, kabla miavuli haijafunguka, na picha ipigwe humo humo angani, si kutoka chini. Njia ilikuwa moja tu, kuifunga kamera ndogo ya kujaza kwa ufunguo, kama saa ya mezani, juu ya kofia ngumu ya mmoja wao. Walipouliza nani anaweza, Gregori alimtaja shemeji yake. Aliona anampa heshima.

Ugumu wote ulikuwa kwenye lenzi. Mtu anayeanguka hawezi kuchungulia kamera iliyo juu ya utosi wake. Anageuza kichwa tu na kuomba Mungu. Mara ya kwanza Gregori alimfungia lenzi ya kati, inayoona eneo dogo lakini kwa ukubwa. Mkanda mzima ulirudi na mawingu, na mara moja tu buti la mtu likakatiza. Mara ya pili alimfungia lenzi pana, ile inayomeza kila kitu kilicho mbele yake. Wote walionekana, hakuna aliyekosekana, lakini walionekana wadogo mno, kwa sababu amri ya kikosi ilikuwa kwamba mwenye kamera asimkaribie mwenzake chini ya hatua kumi.

Mkuu wa ofisi, Ndugu Gaspar, mtu wa Bukoba mwenye sauti ya chini na maneno makali, aliutazama mkanda ule mpaka mwisho. Kisha akawasha taa.

"Ndugu Gregori, hawa ni sisimizi. Bibi wa kijijini atajuaje kwamba hawa ni vijana wake? Mie nataka sura. Nataka mtu aone meno." Akasimama. "Na mikanda hii inanunuliwa kwa fedha za kigeni. Umekwishamaliza miwili. Ukiharibika wa tatu, hilo kabati nitampa mtu mwingine."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwingia Gregori mifupani. Jumamosi aliomba viti vitatu kwa maseremala wa Keko, akavipanga uwanjani, akaibeba kamera kichwani huku akiinama na kuchungulia kwa kioo kidogo, mafundi wakimuuliza kama ameota pembe. Alipima kwa hatua, mbele na nyuma, mpaka jua likamchoma kisogo. Akapata jibu. Kwa lenzi pana, kiti kilichokuwa hatua mbili kilitoka kwa ukubwa wa kutosha kwenye picha, na ajabu yake ni kwamba kilionekana kama kiko mbali, hatua saba, nane, hata kumi. Lenzi pana ndivyo ilivyo: kilicho karibu hukisukuma mbali. Anayelijua hilo ni fundi tu.

Kesho yake alikwenda Kinondoni. Yustina alikuwa uani akikaanga samaki. Wanaume walikaa barazani.

"Shemeji, wiki hii sogea," Gregori akasema. "Hatua mbili. Chagua mmoja, umwendee, ukae naye hapo hapo mpaka mfungue miavuli."

Nikodemu akaacha kunywa chai. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini kuhusu kuruka hakuwa na mzaha. "Amri ni kumi. Chini ya hapo upepo unawasukuma mnagongana. Kwani ile lenzi ya kati haifai? Sasa nimezoea kulenga kwa shingo. Nipe nijaribu tena, nikae kwenye kumi yangu, nimlenge vizuri."

Swali lilikuwa la haki, na jibu la haki lilikuwa kwamba ingefaa. Labda ingefaa. Labda ingeleta mawingu tena. Gregori aliona kabati lake likifunguliwa na mkono wa mtu mwingine.

"Ukimkosa tena, mie nimemwaga unga," akasema. "Nenda na pana. Huko juu nani atakupimia hatua?"

Nikodemu akamtazama kidogo, kisha akacheka. "Haya. Nitamwendea Mwinshehe. Mtani wangu yule atadhani namfuata kumwomba sigara."

Alhamisi, kwenye mazoezi, askari kumi na wawili waliruka. Gregori alikuwa chini pamoja na wengine, amekinga macho kwa kiganja, na alihesabu miavuli kumi. Akahesabu tena. Nikodemu na Mwinshehe waliokotwa mita thelathini mmoja kutoka kwa mwenzake, wote wameshakufa. Kofia ilikuwa imepasuka, lakini kamera ilikuwa ya chuma kizito, na mkanda ndani yake ulikuwa mzima.

Wiki mbili baada ya maziko waliitwa watu watatu kuchunguza. Walikaa kwenye chumba cha giza cha ofisi, na aliyeizungusha mashine ya kuonyeshea picha alikuwa Gregori, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mwinshehe alitokea kwenye kitambaa cheupe, mikono ameitanua, shavu linapeperuka kwa upepo, anacheka. Meno yote yalionekana. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye kabati lile, na Gregori, Mungu amsamehe, kwanza aliona hilo. Kwa muda mrefu sura ile ilikaa vile vile, imetulia. Kisha, kufumba na kufumbua, ikaujaza ukuta wote, halafu giza.

"Rudisha," akasema mkubwa wa wale watatu, mzee mwenye miwani. "Hapo. Simamisha. Fundi, wewe ndiye unayezijua hizi. Hapo kati yao kuna umbali gani?"

Ulikuwa umbali wa hatua mbili. Gregori aliujua kama anavyoujua mlango wa chumba chake. Ilikuwa rahisi kueleza: mzee, lenzi hii inasukuma watu mbali, walikuwa wamekaribiana tangu mwanzo, upepo kidogo tu uliwatosha. Ila swali la pili lingefuata papo hapo. Nani alimwambia akaribie?

"Inaonekana kama hatua kumi, mzee," akasema.

Alijishikilia kwenye neno lile, inaonekana, kama kwamba lingemsitiri siku ya kiyama. Mzee akaitikia kwa kichwa na kuandika. Basi, kama Nikodemu alikuwa kwenye kumi na ghafla akawa juu ya mwenzake, ni yeye aliyemvamia. Kikosi kizima kilijua kwamba wale wawili walikuwa wakitaniana tangu asubuhi hadi jioni. Taarifa ikatoka: Nikodemu alifanya mzaha angani, akamrukia mwenzake, akamwua na yeye mwenyewe akafa.

Yustina aliisikia taarifa hiyo akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Hakulia. Siku ya nne akamtuma mtu Keko kumwita kaka yake.

"Yule Mwinshehe ana mama yake, yuko Temeke," akamwambia. "Siwezi kulala, kaka. Twende tukaombe radhi kabla ya arobaini. Wewe ndiye wa kutusemea."

"Tungoje kidogo, Yustina."

"Tungoje nini? Mume wangu kaua mtoto wa watu kwa mchezo."

Gregori alifungua mdomo. Alikuwa naye peke yake, mlango umefungwa, na kama palikuwa na saa ya kusema ilikuwa ile. Alimtazama mdogo wake alivyokonda, akajiambia kwamba ukweli utammaliza, kwamba atabaki bila mume na bila kaka kwa siku moja. Watu huwa wepesi wa kuwahurumia wengine pale huruma inapowafaa wenyewe. Akasema sawa, watakwenda Jumapili.

Bi Mwanaheri, mama yake Mwinshehe, aliwapokea akiwa mkekani, miguu ameinyoosha, wanawake wawili wa jirani wakiwa pembeni yake. Gregori na Yustina walitoa shikamoo, wakaketi chini. Kwa kawaida za kwao msemaji hupiga magoti mbele na mwenye kosa hukaa nyuma yake kimya. Gregori akapiga magoti mbele. Mwenye kosa, kwa hesabu ya wote waliokuwamo, alikuwa udongoni, na mjane wake amekaa badala yake.

"Mama," Gregori akaanza, "mie ni kaka wa huyu. Nimekuja kusema kosa la nyumba yetu. Mtoto wetu Nikodemu alikosea. Alicheza mahali pasipochezwa, akakuondolea mwanao. Hatuna cha kulipa. Tunaomba radhi."

Hakukwama hata neno moja. Alikuwa msemaji mzuri, kila mtu alikuwa akimsifia hivyo.

"Mwanangu alikuwa akimleta hapa yule kijana," Bi Mwanaheri akasema. "Alikula wali wangu. Mie nilikuwa nikisema hawa wana uongo, hakuna watani wanaopendana namna ile. Sasa nyie mnaniambia alicheza naye mpaka akamwua." Akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Nimewasamehe. Ila yule kijana sijui. Yeye mniache nikae naye kwanza moyoni mwangu."

Walirudi Kinondoni. Mlangoni Yustina alimshika Gregori mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayepokea kitu kanisani.

"Asante, kaka. Umenisitiri. Ningekuwa sina wewe, nani angenisimamia?" Halafu akasema, "Limebaki moja. Watoto wamesikia kwa majirani nusu nusu. Mie siwezi. Waambie wewe. Wakilisikia kwa mjomba wao wataliamini."

Gregori alisema ngoja siku nyingine. Yustina akasema hapana, leo, na akawaita.

Walikaa mbele yake kwenye jamvi, Rosalia wa miaka tisa na Yuliana wa sita, wamevaa magauni yao ya Jumapili. Gregori akawaeleza. Alieleza taratibu, kwa sauti ya upole, jinsi baba yao alivyokuwa mbali, jinsi alivyoamua kufanya mzaha, jinsi mzaha ulivyomwua rafiki yake. Rosalia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mjomba, wewe ulimwona?"

"Nilimwona kwenye picha."

Mtoto akafikiri. "Kumbe ndiyo maana mama hamwombei baba rehema siku hizi," akasema, kisha akainuka, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda uani kuosha vyombo. Jioni ile, walipopiga magoti kusali, Gregori alimsikia Rosalia akiwaombea marehemu wote wa ukoo, bibi, babu, shangazi wa Ndanda, jina kwa jina. La baba yake aliliruka.