Dalali wa Wageni

Dalali yule ana sauti mbili: ya wapangaji, kama anayefukuza kuku, na ya wageni wanaotoka ng'ambo kuja kufanya kazi mjini, laini utadhani anabembeleza mtoto. Kuta zote huzigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Mlango hajaugonga hata siku moja. Ndivyo alivyoingia chumbani kwa mjane mshonaji, mgeni wake nyuma, akapita kati ya kitanda na cherehani bila hata salamu. "Kule bondeni kelele, bosi, kule mlimani foleni. Hapa ndipo wanapokaa wenzako."

"Na huyu mama?" mgeni aliuliza.

"Huyo anahama."

Sindano ikamsimama mjane mkononi. Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. "Nahamia wapi, mwanangu?"

Dalali hakugeuka. Alimshika mgeni kiwiko, akamwelekeza dirishani. "Tazama, bosi, jua la asubuhi linavyoingia."

Mjane akainuka, akaenda akasimama pale dirishani, akaliziba jua lote kwa mwili wake.

"Haya," akasema, "mwonyeshe sasa."