Makoti ya Mvua ya Oktoba

Ukipiga simu kwenye moteli ya Mnazi wa Dhahabu, hapo Kissimmee jimboni Florida, ukauliza Oktoba hali ya hewa ikoje na mfungashe nini, aliyekujibu alikuwa Nelda Crews, na jibu lenyewe alikuwa amelirudia miaka nenda miaka rudi hadi likawa linatoka bila kufikiriwa. Asubuhi ni joto la kutoa jasho, leteni kaptula. Alasiri mvua inashuka ghafla, leteni makoti ya mvua kutoka kwenu, maana ndani ya Bustani ya Kasa, ile bustani kubwa ya michezo inayowaleta wageni, wanayauza kwa bei ya kukutoa machozi. Jioni kuna kibaridi, sweta moja kila mtu. Viatu jozi mbili, kwa sababu kwenye michezo ya maji mtalowa mpende msipende.

"Na vimbunga je?" watu waliuliza.

Hapo Nelda alicheka. "Hivyo ni vya watu wa pwani, mpenzi. Huku bara vinafika vimechoka."

Wala hakuwa akidanganya, ndivyo alivyolelewa. Ukoo wa Crews ulichunga ng'ombe kwenye nyika ile kabla Bustani haijajengwa, na baba yake kimbunga kikivuma alikaa barazani na bia yake akikitukana. Wenyeji wa kule ndio zao. Wageni wakikimbilia magari, wao wanajaza maji kwenye hodhi la kuogea, wanapigilia mbao madirishani, wanachoma nyama yote ya friji kabla umeme haujakatika, kisha wanaita majirani waje kula. Ujasiri wanasema. Mimi nasema kiburi, na nimekaa nao vya kutosha kujua tofauti.

Mwaka ule alikuja Darrin Haverkamp, mfuga nguruwe wa Iowa, na mkewe Kristi na mabinti zao wawili wadogo. Alikuwa amepiga simu mara kadhaa kuuliza, akajibiwa yale yale. Walishuka garini na makoti manne mapya ya njano, lebo za dukani bado zinaning'inia.

Kabla hawajamaliza hata kuzunguka Bustani, redio ikatangaza kimbunga. Wageni wengine wakafungasha. Darrin naye akaja kaunta, funguo mkononi.

"Bi Nelda, niambie ukweli. Tuondoke?"

"Barabara zimejaa, mtakwama njiani na watoto. Kaeni. Nachoma mbavu, mtakula bure."

Akakaa. Alimwamini, ndiyo ilikuwa shida yote.

Kile kimbunga hakikuchoka. Kilifika asubuhi na hasira zake zote. Kiling'oa paa la vyumba vya nyuma kipande kwa kipande, na bati moja likaruka uani likakata mnazi katikati. Viti vya chuma vya bwawani vilipigizwa ukutani hadi ukuta ukatoboka. Nelda aliwaingiza wote wanne kwenye bafu la ofisini, chumba kisicho na dirisha, akawajaza ndani ya hodhi la kuogea na godoro juu yao, yeye akaegemeza mgongo mlangoni. Mlango ulimpiga mgongo kwa saa nyingi. Watoto walilia hadi sauti zikakauka.

Halafu kukawa kimya. Jua likatoka. Anga lote likawa buluu safi, na ndege walikuwa wanatua uani kwenye vifusi. Darrin akatupa godoro pembeni.

"Imekwisha. Kristi, chukua watoto, tunaondoka."

"Haijaisha," Nelda alisema. "Hili ni jicho lake. Tuko katikati. Sasa hivi upepo unageuka, unapiga kwa upande mwingine, na ukikukuta barabarani umekufa."

"Wewe si ndiye ulisema vinafika vimechoka?"

"Nilisema."

"Ukasema tukae."

"Nilisema, bwana. Nilikosea. Sasa sikosei."

"Nyamaza, mama. Umeshaongea vya kutosha."

Angefanya nini? Maneno yake yalikuwa hayana thamani tena, na muda haukuwepo. Nelda aliingia jikoni, akachukua kisu alichokatia mbavu, akatoka uani akakizamisha kwenye tairi la gari la Darrin. Alipofika la pili Darrin alikuwa ameshamfikia. Alimpiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Nelda akainuka, akachoma la pili. Darrin akampiga teke la mbavu, akaanguka kwenye matope, na bado alikuwa anatambaa kwenda kwenye tairi la tatu.

"Nipige," alimwambia, damu inamtoka. "Nipige unavyotaka, ilimradi hutoki hapa."

"Darrin, mwache, unamuua!" Kristi alilia kutoka mlangoni, mabinti wamemng'ang'ania nguo.

Alimwacha kweli, kwa sababu alikuwa ameona kitu. Kupitia mlango wa ofisi uliokuwa wazi, nyuma ya kaunta, palionekana msumari, na msumarini zilining'inia funguo za pikapu ya Nelda, ambazo alizitundika hapo kila asubuhi ya maisha yake. Kuzificha hakukumjia akilini kabisa. Darrin akazinyakua, akamkamata binti mdogo mkono, akaanza kumburuta kuelekea kwenye pikapu. Nelda akamkumbatia mtoto kiunoni. Wakavutana, mtoto anapiga mayowe katikati yao, mpaka Nelda akamng'ata Darrin mkono, akang'ata hadi mfupani, naye akaachia.

Kristi aliwatazama wote wawili, damu tupu. Akawachukua mabinti zake, akarudi nao bafuni.

"Nenda mwenyewe," alimwambia mumewe.

"Naangalia barabara tu. Nitarudi kuwachukua."

Pikapu ikatoka getini. Nelda aliisindikiza kwa macho hadi ikakata kona, kisha majani yakaanza kutikisika, yanalala upande mwingine na ule wa asubuhi. Akakimbia kama mbavu zake zilivyomruhusu, akafunga mlango wa bafu, akajilaza juu yao kuwafunika, godoro mgongoni mwake. Kristi, chini yake, alikuwa anampiga ngumi za kifua. Alimpiga wakati paa linaondoka, na alimpiga wakati boriti ilipoanguka ikamvunja Nelda mkono. Nelda hakumzuia.

Pikapu waliikuta kesho yake barabarani, si mbali. Ubao wa matangazo wa Bustani ya Kasa, chuma kitupu, ulikuwa umelala juu ya kabini. Darrin alikuwa ameshageuza gari. Alikuwa anarudi.

Wiki iliyofuata Kristi alikuja na dada yake kuchukua mabegi. Alifungua moja, akatoa makoti manne ya njano, akayapanga juu ya kaunta. Lebo bado zilikuwepo.

"Tulifungasha kama ulivyotuambia, Bi Nelda," alisema. Hakupandisha sauti. Akaenda zake.

Moteli ikaezekwa upya. Bwana Desai, mwenye mali, akamrudisha Nelda kaunta, jino halipo na mkono umepinda kidogo, maana wageni waliipenda sauti yake. Mwezi wa nane uliofuata simu ikalia. Mama mmoja wa Ohio, watoto wanasikika nyuma wakigombana, alitaka kujua Oktoba kukoje na wafungashe nini.

Nelda alitazama ule msumari. Hakuwahi kutundika kitu pale tena.

"Sijui, mpenzi," alisema. "Huenda pakawa pazuri. Ila redio ikisema ondokeni, ondokeni, msimuulize mtu. Hata mimi msiniulize."

Bwana Desai alinyoosha mkono apokee simu. Nelda akaishika kwa nguvu.

"Umenisikia, mama?" aliuliza. "Rudia nilivyosema."