Binamu wa treni ya kasi amekula maini yangu, na mimi nikatumwa kwa ngamia

Assalaam aleikum wakuu. Hapa siongezi chumvi, yote ilishawekwa na mama yangu alipowasimulia majirani.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina form four yangu, nauza sukari kwa duka la Hooyo, yaani mama, na nina kona yangu kwenye mkeka karibu na thermos. Garissa naijua kutoka geti letu hadi msikitini. Msinicheke, wengine wenu hata msikiti hamfiki.

Sasa kuna Hodan, binti wa jirani yetu Mzee Dahir, mfanyabiashara wa mifugo. Tunapendana. Shida ni babake. Hooyo akigusia mambo ya posa, mzee anajibu, "Huyo kijana wako akitoka nje ya geti, nipigie simu."

Ndipo akaja binamu yangu Mahat kutoka ng'ambo. Anasomea treni za kasi, zinavyopangwa, kujengwa na kuendeshwa. Amekuja kutafiti kama njia ya namna hiyo inaweza kupita kwenye nchi ya wafugaji.

Wakuu, Garissa hatuna reli hata ya kuanikia nguo. Lakini utafiti unaendelea.

Asubuhi ya kwanza, maini ya mbuzi, ambayo miaka yote ni yangu, yakaenda kwake. Mimi nikapewa anjera na chai.

Alasiri wazee wakajaa kwenye mkeka wa Mzee Dahir kumsikiliza Mahat akieleza. Treni hiyo haikati kona kali, haisimami ghafla, kwa hivyo njia yote inawekwa uzio. Mzee Dahir anatikisa kichwa. Hodan ameleta chai na harudi ndani.

Moyo ukaniwaka. Nikaamua kumuaibisha.

"Binamu, uzio kila mahali, na ngamia watapita wapi? Wataruka?"

Watu wakacheka. Mahat akanikumbatia!

"Hilo ndilo nimekuja kutafuta! Lazima wapate njia chini ya reli, pana na yenye dari ya juu, maana ngamia haingii shimo la giza. Nenda kule Hulugho, malishoni, uniangalilie wanapokatiza, na makundi ni makubwa kiasi gani. Mimi nina watu wa kuhoji maofisini."

Mzee Dahir akanigeukia. "Warya, wewe kijana, utaenda, ama tumwombe mamako ruhusa?"

Hodan akacheka. Nikaenda.

Hulugho ni jua na vumbi, na mimi na viatu vya dukani. Mchungaji wa kwanza nikamsalimia, nikamuuliza, "Mzee, una ngamia wangapi?"

Kukaa dukani kumenisahaulisha hata mila. Mfugaji haulizwi idadi, anaogopa jicho la husuda.

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Wewe kijana, uko na hasad?"

Wakuu, nilikuwa nayo gunia zima.

"Simama hapo," akasema. "Ngamia wakipita, sema mashallah. Kuhesabu wacha."

Basi nikasema mashallah kwa kila kundi mpaka koo likakauka. Idadi sikuleta. Nilileta mahali wanapokatiza, na upana wa kundi, kutoka mgunga huu hadi mgunga ule. Mahat akasema hiyo inatosha kabisa.

Mzee Dahir aliniona nikishuka garini, mweusi kama sufuria ya chai. "Kumbe unaweza kutoka," akasema. Kisha akamwambia Hooyo, "Leteni wazee wenu."

Nilikaribia kulia kwa furaha. Halafu Hooyo akatangaza atakayenisemea: Mahat. Eti ndiye anajua kupanga maneno.

Na alijua. Siku ya posa alinisifu mpaka mimi mwenyewe nikataka kujioa. Lakini macho yote yalikuwa kwake. Shangazi yake Hodan akauliza kama Mahat ana ndugu wa kiume kama yeye. Moto ukaanza tena kifuani.

Nikasema, "Mashallah." Kwa sauti ya Hulugho. Mzee Dahir akageuka kunitazama, akasema hiyo ndiyo adabu ya mfugaji, na kwamba amekubali.

Nilichojifunza: wivu hauishi, lakini ukiutangulizia mashallah mdomoni, hauharibu kitu.

Haya, nyinyi wenye binamu waliosoma, mnawavumiliaje? Semeni hapa chini. Mahat bado yuko kwetu, na maini bado ni yake.