Muslimo Aliyelipa Mapema

Mwaka wa tisini na nane chama chetu cha akiba na mikopo pale Galbet kilinunua kompyuta. Salale! Kamati ikachinja mbuzi, na Munyao, karani mpya aliyeletwa kutoka Machakos, akatuamuru tuvue viatu mlangoni. Eti vumbi linaua mashine. Mimi cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya ofisi hiyo, kwa hiyo upuuzi wote nimeushuhudia kwa macho yangu.

Muslimo Korane alikuwa ameuza maziwa ya ngamia sokoni miaka kumi na mitatu. Alikuwa amekopa mara mbili, na mara zote mbili alimaliza kabla ya wakati. Lakini alikuwa na mtindo wake. Mvua ikinyesha, ngamia wanashiba, maziwa yanajaa, naye anakuja na noti amezifunga kwenye pindo la shuka: "Hii ya mwezi huu, hii ya mwezi ujao, hii ya ule mwingine." Kiangazi kikiingia, ngamia wanapelekwa mbali na Muslimo haonekani ofisini, maana ameshalipa. Nusu ya watu wa hapa hulipa hivyo. Silas, karani wa zamani, aliandika daftarini "amelipa mbele" na kumweka daraja A. Kisha Silas akastaafu.

Mwezi huohuo muuguzi mmoja, Nkirote, akapata uhamisho kwenda Meru. Akatangaza kwamba anauza friza yake shilingi elfu kumi na tano, na anayeitaka alete pesa kabla ya Jumamosi. Muslimo alikuja ofisini mbio. Kila mchana maziwa yake yalichacha kwa joto akayauza kwa bei ya kutupa, na mara mbili nilimkuta analia kando ya mitungi. Friza ile ndiyo ingemwokoa.

"Mama, uko daraja D," Munyao akamwambia. "Hatuwezi kukukopesha."

"Mimi? D? Wallahi, pesa ya nani nimekula?"

Munyao akamwonyesha kioo cha mashine, alimokuwa ameingiza risiti zote za zamani. Kila mwezi ulikuwa na nafasi moja tu: amelipa, au hakulipa. Zile elfu tatu alizoleta Aprili zilihesabiwa za Aprili peke yake. Mei, hakulipa. Juni, hakulipa. Ukijumlisha mikopo yote miwili, miezi kumi na minne hakulipa.

"Lakini deni imeisha!"

"Deni liliisha, mama. Tabia yako ndiyo mbaya."

Haki ya Mungu, nilikaribia kumtupia mkasi! Mwanamke hajabadilisha kitu, hajachelewesha hata ndururu, na amelala mwaminifu akaamka tapeli kwa sababu wenye ofisi wamebadilisha namna ya kuhesabu. Nikaingia na viatu vyangu.

"Daftari la Silas liko wapi?"

"Limefungiwa stoo. Mfumo mpya hausomi daftari."

"Na wewe je, husomi?"

Akaguna. Akasema tuandikie kamati barua, nayo ingekutana mwisho wa mwezi. Friza ilikuwa inauzwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Sasa sikia balaa lenyewe. Aliyepewa A ni Keynan, mwenye duka la soda, ambaye mtaa mzima unamdai na macho yake makavu kabisa. Keynan alikuwa akileta shilingi hamsini kila mwezi kwenye deni la maelfu, ili Silas asimfuate nyumbani. Mashine ikaona: amelipa, amelipa, amelipa. Kiasi gani, haikuuliza. Ijumaa wakamhesabia elfu kumi na tano, na kama pesa ya chama ilitoka kwa waliolipa, basi nyingi zilikuwa za Muslimo. Jumamosi friza ikapita mbele ya cherehani yangu juu ya mkokoteni wa punda, Keynan nyuma yake anapokea pongezi.

Kamati ilipokutana ilisema barua ya Muslimo ni nzuri, ila mashine haina pa kuiweka.

Siku hizi Muslimo huweka maziwa yake kwenye friza ya Keynan, shilingi tano kila mtungi. Keynan amekataa kulipwa siku kwa siku. Anataka pesa ya mwezi mzima mapema, kwa sababu, anasema, mtu wa daraja D haaminiki.